Matanga kwa matanga: kumuaga mtu wa klabu majini, hatua kwa hatua na makosa ya kuepuka

#1 Mshika_Demani

Kila klabu ya mashua za tanga ina mtu wake ambaye huenda jina halipo hata kwenye kikombe kimoja, lakini asipoonekana wiki mbili mambo yanakwama. Ndiye anayejua boya lipi mnyororo wake umelika, ndiye anayewakagua watoto jaketi kabla hawajasukuma mashua. Akifariki, watu hutaka kumuaga majini. Shughuli nyingi za namna hii huharibika kwa mambo madogo: shada linarudi ufukweni mbele ya wafiwa, majivu yanawarukia usoni, mashua zinagongana, hotuba inamezwa na tanga linalopiga. Uzi huu uwe wa vitendo. Naanza na siku na maji, mengine mtajazia.

Familia kwanza. Msitangaze lolote kabla ya kuwauliza mambo matatu: dini yao inaruhusu nini, nani atapanda chombo, na nani atasema. Imani nyingine hazichomi maiti kabisa, kwa hiyo msifikie suala la majivu kama vile ni la kila mtu. Mazishi ya nchi kavu yakishapita, shughuli ya majini inaweza kungoja hata mwezi ili hali ya hewa iwe nzuri. Haraka ndiyo inayowatoa watu siku ya upepo mbaya.

Upepo: fundo (maili za baharini kwa saa) 5 hadi 10 ndio mzuri. Chini ya 4 mashua ndogo hazishiki usukani kwenye mkondo. Zaidi ya 15 hakuna atakayesikia neno na wageni watalowa. Wekeni kikomo kabla, muandike pia tarehe ya akiba, na atajwe mtu mmoja wa kuamua saa tatu kabla. Isiwe kamati, kamati haiwezi kuahirisha mbele ya mjane aliyekwisha kuvaa.

Maji: kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Mkondo una nguvu zaidi saa ya tatu na ya nne baada ya maji kusimama, na wakati wa bamvua (maji makubwa) huwa mkali kuliko wakati wa maji mafu (maji madogo). Panga tendo lenyewe lifanyike maji yanapoanza tu kupwa. Yakiwa bado yanajaa, maua yote yatarudi gatini. Angalia pia upepo usipingane na mkondo, maana hapo panazuka mawimbi mafupi makali ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuyasimamia. Wa ziwani, ruka aya hii na uangalie upepo tu.

#2 NgamaKavu

Bendera na kengele, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea mbele ya kadamnasi.

Bendera ya klabu haitwekwi moja kwa moja nusu mlingoti. Unaipandisha hadi kileleni, unaiacha hapo kidogo, kisha unaishusha mpaka juu yake pabaki nafasi isiyopungua kimo cha bendera yenyewe. Jina ni "nusu", lakini kwa kawaida inakaa karibu theluthi mbili ya mlingoti. Ikiwa katikati kabisa inaonekana kama kamba imekwama. Jioni usiishushe ikitokea hapo: ipandishe tena kileleni, ndipo ushushe. Bendera ya taifa ni suala jingine, ina sheria zake kila nchi. Klabu ishughulike na bendera yake.

Jaribu kamba na kapi (gurudumu la kamba) la juu siku moja kabla. Kapi la kileleni lililokauka kwa chumvi hupandisha vizuri na kugoma kushusha. Mimina maji baridi yasiyo na chumvi, zungusha, kisha weka mafuta kidogo ya silikoni.

Kengele: mapigo manane. Chomboni kengele ilipigwa kila nusu saa, na zamu ilikuwa ya saa nne, kwa hiyo mapigo manane ni mwisho wa zamu. Ndiyo maana mabaharia huyapiga kwa aliyefariki: zamu yake imekwisha. Yanapigwa mawili mawili: ti-ting, ti-ting, ti-ting, ti-ting. Watu wengi hupiga manane mfululizo kwa nafasi sawa, ikasikika kama kengele ya shule. Mpigaji afanye mazoezi mara tatu, ashike kamba fupi karibu na ulimi wa kengele, na asiwe mtu wa karibu sana wa marehemu. Mkono ukitetemeka hesabu inapotea.

#3 BoyaJekundu

Naulizia ule mduara wa mashua unaoonekana kwenye picha, zote zimetazama katikati. Unafanyikaje kwa matanga bila injini?

#4 Mshika_Demani

Mkuu, kwa matanga haufanyiki. Katika duara lolote lazima kuna mashua zinazotazama upepo, zitasimama na kurudi nyuma, na nyingine zina pepo za tezi, yaani za kutoka nyuma, hazina breki. Zile za kwenye picha nyingi zina injini, au ni mbao za kupigia makasia.

Kinachowezekana ni msafara wa kupita. Tia nanga chombo cha familia, pua itazame upepo. Weka boya moja kila upande, mita 150 hivi kutoka chomboni, mstari mzima ukate upepo. Mashua zinakwenda kwa upepo wa ubavuni, zinapita upande wa chini ya upepo (upepo unakoelekea) wa chombo cha familia, umbali wa mita 15 hadi 20, kisha zinazunguka boya la mbali na kurudi kwa upepo ule ule wa ubavuni. Kila mmoja anakwenda na kurudi bila kubisha, yaani bila kupanda dhidi ya upepo kwa kona kona. Boya la mwisho lizungukwe kwa kuelekea upepo, lisizungukwe kwa kugeuza tezi, la sivyo foromali (mti wa juu wa tanga) au mti wa chini wa tanga utafagia vichwa vya watu wasiouzoea.

Mpangilio: mashua ya polepole ndiyo itangulie. Wengi huweka ya kasi mbele kwa heshima na mstari unakatika vipande. Mwenye kasi akiwa nyuma anaweza kulegeza demani (kamba ya kuvutia tanga) akapunguza mwendo, lakini mwenye mashua nzito hana cha kuongeza. Nafasi kati ya mashua na mashua iwe urefu wa mashua tatu hadi nne. Ukifika sambamba na chombo cha familia, legeza demani tanga lipige kidogo, hiyo ndiyo saluti, kisha vuta uendelee. Usiachie kamba yote.

Kwa dakika ya kimya, wenye matanga mawili wasimamishe mashua kwa njia ya kawaida: tanga la mbele livutwe upande wa upepo, tanga kubwa lilegezwe, mkono wa usukani usukumiwe upande wa chini ya upepo. Inakaa tulivu na haipigi kelele. Wenye tanga moja walegeze tu, wakae mbali kidogo upande wa chini ya upepo ili kelele zao ziende na upepo.

Lugha yetu iliona mbali, matanga ni ya msiba na matanga ni ya mashua.

#5 Tezi_na_Omo

Kabla hamjaendelea, kuna onyo ambalo klabu nyingi hazilijui. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, Kiambatisho cha IV, zinataja ishara za dhiki na zinakataza kuzitumia kwa jambo jingine. Ndani yake mna vitu ambavyo watu hupenda kuvifanya wakati wa kuaga:

- fataki nyekundu za mkononi au za parachuti, na moshi wa rangi ya chungwa;
- honi inayopigwa mfululizo bila kukatika;
- mikono miwili iliyonyoshwa pembeni ikipandishwa na kushushwa polepole, tena na tena.

Hiyo ya tatu ndiyo inayochekesha na kutisha. Mashua ishirini za watu wanaopunga mikono yote miwili ni mashua ishirini zinazoomba kuokolewa. Pungeni mkono mmoja, au vueni kofia.

Na honi fupi fupi nazo zina maana: moja, nageukia kulia; mbili, nageukia kushoto; tatu, mashine inarudi nyuma. Kengele inatosha. Wapigieni walinzi wa pwani au mamlaka ya bandari mwaseme mko wangapi, wapi, saa ngapi. Redioni chagueni chaneli moja ya kazi ya kuzungumzia, na chombo kikuu kiendelee kusikiliza chaneli 16, ile ya dhiki na ya kuitana.

#6 MajiMafu

Majivu. Nasema waziwazi kwa kuwa hapa hakuna nafasi ya kurudia.

Majivu ya mtu mzima huwa takriban kilo 2 hadi 3, ujazo wa kama lita 3. Watu hutarajia kuona vumbi laini la jikoni. Sehemu kubwa ni chembe kama mchanga mzito, zinazama mara moja. Sehemu ndogo ni vumbi jepesi sana, na hilo ndilo linalopanda na upepo. Ukimwaga ukiwa umesimama, kimo cha kifua, hata upepo wa fundo 6 utalichukua.

Kwa hiyo chombo kisimame kabisa, injini izimwe. Mwagia upande wa chini ya upepo, sehemu ya chombo iliyo karibu zaidi na maji, na uinamishe kopo mpaka mdomo wake uwe shubiri moja juu ya maji. Ukingo ukiwa juu, tumia bomba pana la karatasi ngumu, sm 10 hivi, urefu wa mita moja, mwisho wake uguse maji. Epuka tezi kabisa, upepo unaopita juu ya chombo huzunguka nyuma na kurudisha vumbi ndani.

Fungua kasha nyumbani. Ndani kwa kawaida mna mfuko wa plastiki uliofungwa kwa waya au kibanio, na vidole vilivyolowa havifungui. Chukua mkasi. Mfuko wenyewe urudi nchi kavu.

Njia safi zaidi ni chombo cha kuyeyuka, cha karatasi iliyofinyangwa au cha chumvi. Kinaelea dakika chache, kinazama, kinajifungua chini. Makosa mawili: cha chumvi kuwekwa wazi kwenye unyevu tangu asubuhi kikaanza kulainika mkononi, na cha karatasi kutupwa badala ya kushushwa, kikapasuka juu ya maji. Kishushe kwa mikono miwili, au kwa kitambaa cha pamba kilichopitishwa chini yake, watu wawili wakishika ncha.

Yakimwagika sitahani, yasifagiliwe. Ndoo ya maji taratibu mpaka yatoke, kwani yakiloa kidogo tu yanaganda kama udongo na kuteleza.

Sheria zatofautiana, ulizeni zenu. Mfano, Marekani majivu yamwagwe umbali usiopungua maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na mamlaka ya mazingira ijulishwe ndani ya siku 30 baada ya tendo. Maili tatu kwa mashua ndogo si mchezo, hapo tafuteni chombo kikubwa na mashua ndogo zibaki na msafara wa karibu.

#7 Katani_Tupu

Shada. Toa waya, pini, utepe wa nailoni, kadi ya plastiki, na hasa ile sifongo ya kijani wanayochomekea maua. Ile ni plastiki, haiozi, inasagika tu vipande vidogo.

Namna ya kusuka: kunja kijiti kibichi au ukindu kuwa mviringo wa sm 40, funga kwa kamba ya katani au ya mgomba, chomeka majani magumu kwanza ndipo maua. Majani magumu ndiyo yanayoelea, maua peke yake hulowa na kuzama ndani ya muda mfupi. Lijaribu kwenye beseni. Likilala upande, upande mwingine ni mzito, ongeza majani. Liwekwe majini, lisirushwe. Likirushwa mara nyingi hugeuka kichwa chini.

Maputo na taa za kuelea, hapana. Kasa hula maputo.

Na shada lisiwekwe karibu na propela ya mtu yeyote. Katani ikijisokota kwenye shafti itakubidi uzamie.

#8 BoyaJekundu

Na wafiwa wenyewe? Wengine wazee, hawajui kuogelea, na wamevaa nguo za msibani.

#9 NgamaKavu

Hilo lilistahili kuwa la kwanza. Asiyejua kuogelea asipewe zile jaketi za wana mashua za nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea). Hizo ni za mwogeleaji aliye karibu na msaada na hazimgeuzi mtu aliyezirai. Mpe ya 100 kwa maji yaliyokingwa, 150 kwa bahari wazi. Za kujipuliza zenyewe zikaguliwe kabla: fungua, kaza mtungi wa gesi kwa mkono maana hulegea, upime kwa mizani ya jikoni ulinganishe na uzito uliopigwa chapa juu yake, angalia alama ya kijani na tarehe ya kidonge kinachoyeyuka majini kuifungua gesi. Mkanda wa kupita kati ya miguu ni lazima. Kanga au kanzu isiwe sababu: mkanda upite juu ya nguo, jaketi isipande usoni.

Hatari kubwa zaidi ni ya wakati wa shada. Watu wote husogea upande mmoja kuona. Chombo cha watu 12 kikipata 10 upande mmoja kinalala, na anayeinama na shada ndiye wa kwanza kutoka. Gawa viti kabla, waje wawili wawili, mtu mmoja wa klabu awe amepiga goti kumshika mkanda anayeinama. Mwambie kila mmoja kabla ya kung'oa nanga, kwa sauti, isiwe kwa karatasi.

Maboti ya uokoaji mawili yanatosha kwa msafara mdogo: moja nyuma ya mashua ya mwisho, moja chini ya upepo karibu na boya la kugeuzia, maana wanaopinduka hupinduka hapo.

#10 Kapi_la_Juu

Nije kwenye mbio za kumbukumbu za kila mwaka. Kama mtu wenu alipendwa na wote, msifanye mbio ambazo mwenye mashua mpya atashinda kila mwaka. Fanyeni mbio za kufukuzana: wa polepole anaanza kwanza, wa kasi mwisho, saa ya kumaliza ni moja, na aliye mbele honi inapolia ndiye mshindi. Wote wanakaribiana mwishoni, na watu wa ufukweni wanaelewa bila hesabu.

Hesabu ni ya mwenye kuandaa. Chukua namba za usawazisho, kwa mfano za mfumo wa Portsmouth Yardstick, ambamo namba kubwa ni mashua ya polepole. Muda wa mashua = muda wa ile ya polepole kuliko zote × namba yake ÷ namba ya hiyo ya polepole. Tuseme mbio ni dakika 90 na ya polepole ina 1400. Yenye 1190: 90 × 1190 ÷ 1400 = 76.5, basi inaanza dakika 13 na nusu baadaye. Yenye 1050 inapata 67.5, inaanza dakika 22 na nusu baadaye. Bandika jedwali ubaoni na mgawe nakala, kwani kila mwenye mashua anaangalia saa yake mwenyewe.

Yanayoharibika: upepo kufa katikati, walioanza mapema wakawa wamekwisha kwenda, na kuandika nafasi mwishoni. Boti moja la kuandikia lianzie kwa wa kwanza lishuke, la pili lianzie kwa wa mwisho lipande, yakutane. Boti moja pekee likifika kwa wa ishirini, wameshabadilishana.

#11 Tezi_na_Omo

Kikombe nacho kiwe na hati. Ukurasa mmoja: ni mali ya nani, kinatolewa kwa nini, nani analipia kuchonga majina, mshindi anakaa nacho muda gani, klabu ikivunjika kinakwenda wapi, nani anaweza kubadili masharti.

Mfano mkubwa ni America's Cup, kikombe cha mbio za mashua za tanga. Skuna America ilikishinda mwaka 1851 Uingereza, mwaka 1857 kikakabidhiwa New York Yacht Club kwa hati, nao wakakaa nacho mpaka 1983 Australia II ilipokichukua. Mwaka 1988 wapinzani kutoka New Zealand walisoma maneno ya hati wakaleta mashua kubwa mno. Wamarekani wakajibu kwa katamarani, mashua ya miili miwili, wakashinda, na ugomvi ukaenda mahakamani hadi 1990. Yote kwa sababu hati haikusema mashua iwe na miili mingapi. Kikombe chenu ni kidogo zaidi, ila mabishano yake huwa ni yale yale.

#12 Katani_Tupu

Sikubaliani na kikombe cha mbio kwa mtu ambaye hakushindana. Kama kazi yake ilikuwa kufundisha watoto, tuzo iende kwa mwanafunzi aliyewasaidia wenzake, ikaamuliwe na wakufunzi. Mbio zibaki shughuli ya siku tu.

#13 Kapi_la_Juu

Naafiki. Viwili vitenganishwe.

#14 Mshika_Demani

Sasa lile ambalo naona ni zito kuliko shada: kazi zake. Mtu wa aina hii huwa na ramani nzima ya klabu kichwani. Ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla stoo haijapangwa upya na mwenye nia njema, fanyeni hivi.

Pigeni picha stoo na meza yake ya kazi jinsi ilivyo. Makopo yasiyo na maandishi yana mpangilio wake. Funguo zote zijaribiwe na kuandikwa. Daftari lake, hata la mistari mitatu, liwekwe nakala, asili irudi kwa familia.

Andikeni jedwali la maboya ya kuegeshea: mahali, uzito wa nanga iliyo chini, unene na urefu wa mnyororo, mara ya mwisho ulipoinuliwa. Pasipojulikana, boya hilo liinuliwe kwanza. Kwenye mnyororo angalieni ile sehemu inayopanda na kugusa chini kila mawimbi yakija, hapo ndipo unasagika, si juu unapoonekana. Pima pete mahali zinaposuguana kwa kipimio cha milimita. Pini za pingu (vyuma vya kuungia mnyororo) zifungwe kwa waya, zisipofungwa zinajizungusha zenyewe zikatoka.

Mashua yake: ni mali ya mirathi. Msiigawe, msiiuze, msiipe jina jipya kabla warithi hawajasema. Mnachoweza ni kuilinda, kwa ruhusa yao. Ikiwa majini na ina pampu ya ngamani (chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), betri itakufa na mvua itaijaza. Ikaguliwe kila wiki au ivutwe nchi kavu. Ikiwa nchi kavu: toa kizibo cha maji, inua omo (pua ya chombo) kidogo maji yatoke, legeza kamba za mlingoti, osha tanga kwa maji baridi, kausha kivulini, lihifadhiwe mbali na jua. Tanga likiachwa limekunjwa juu ya mti, jua hudhoofisha nyuzi za mshono. Ulizeni bima pia, mara nyingi inamhusu mwenye chombo mwenyewe.

#15 MajiMafu

Kuna msemo wa wazee, tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukifaa kusemwa, usemwe na anayeujua, mara moja, kabla ya kengele. Baada ya kengele asiongee mtu.

#16 BoyaJekundu

Kibao cha jina kwenye benchi au kwenye mlingoti wa klabu, madini gani?

#17 NgamaKavu

Shaba nyeusi (bronzi) ya baharini, au chuma kisichoshika kutu daraja la 316. Daraja la 304 litatoa madoa ya kahawia hewani mwa chumvi. Shaba ya njano inayong'aa dukani ina zinki, na chumvi huitoa zinki hiyo taratibu, kibao kikawa chekundu-waridi na chepesi kuvunjika. Skrubu ziwe za madini yale yale ya kibao. Usikipige kibao cha shaba moja kwa moja kwenye mlingoti wa alumini, alumini italiwa chini yake. Kwenye mlingoti huo tumia kibao cha plastiki ngumu iliyochongwa, au weka benchi.

Herufi zichongwe, zisichapwe. Jina na tarehe vithibitishwe na familia kwa maandishi, wawili tofauti, kabla fundi hajaanza.

#18 Mshika_Demani

Sahihisho la #4: mita 15 kutoka chombo cha familia ni kwa mashua ndogo. Chenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mzito na mwendo mkubwa kiwe mita 30, na kamba ya nanga ya chombo cha familia ipimwe kabla kwa jinsi kinavyoyumba, kisije kikawasogelea wapitao.